Mweke Pembeni

...na kwa nini amwachie nafasi yote ile, nafasi ya kupitisha toroli, kati ya bega la dada yao mdogo na bega la fundi, hilo ndilo lililomkwama kooni Mama Picha, jicho la kulia limebanwa kwenye kitundu cha kamera, la kushoto limefumbwa, maana wengine wote kaka mkubwa amewabananisha kama darasa siku ya kufunga shule, wafupi mbele, warefu nyuma, ndiyo kazi yake, mwalimu mkuu mwaka wa kumi na tisa huu, hawezi kuona watu wawili wamesimama asiwapange mstari, lakini fundi, huyo kaka amemsogeza, sogea, sogea tena, hapo hapo, mpaka mwisho kabisa karibu na tangi la maji, kisha akaja hapa kwenye kamera, akainama, akanong'ona, "Nimemweka pembeni, utajua la kufanya," akampigapiga begani mara mbili, akarudi kusimama nyuma ya kiti cha Baba, kidevu juu... utajua la kufanya, lo, kama vile mwaka mzima wa kamera shingoni alikuwa anasomea ukataji nyama. Na picha yenyewe bado haipigiki, kwa sababu mke wa kaka ameingia ndani kutafuta kiatu cha kushoto cha Baba, cha kulia kimepatikana, cha kushoto kimegoma, na yeye hataki kusikia habari ya baba mkwe kupigwa picha na ndala, "Picha ya kutundikwa sebuleni hiyo, jamani, msimtie mzee aibu!" alisema akipotelea mlangoni, kwa hiyo ukoo mzima umesimama uani, Jumapili saa kumi alasiri, mashavu yamekazwa kwa tabasamu la kungoja kiatu, na yeye nyuma ya stendi ya miguu mitatu, kidole juu ya kitufe, anangoja na hasira zake.

Mama Picha, hata jina hilo alibandikwa na kaka huyu huyu, mwaka jana mwezi kama huu, siku ya kwanza alipokuja hapa na kamera aliyoachiwa na muuguzi aliyehamia mbali, "Haya, Mama Picha kaingia, jipangeni!" wakacheka wote, na yeye akacheka nao, mwanamke wa miaka arobaini na minane, karani wa masjala ya hospitali, watoto wamekwisha kuota ndevu, ndiyo kwanza anaanza hobi, na kaka akasema hobi ni kitu cha kuandika kwenye barua za shule, jina langu fulani, hobi zangu ni kusoma vitabu na kusikiliza muziki, na mume wake, yule pale safu ya nyuma anayejikuna shingo, akadakia, "Simu inapiga picha na inapiga simu, hiyo yako inapiga nini kingine?" ...inapiga mwaka mmoja, mume wangu, ndicho inachopiga, mwaka mmoja ambao wewe umeukalia kwenye kochi na mimi nimeutazama kwa jicho moja mpaka likaniuma. Wacheke. Mwezi wa kwanza walikuwa na haki ya kucheka, hilo hakatai, picha mia tatu za bomba la uani likidondosha tone, na tone lenyewe halipo hata kwenye picha moja, kila alipobonyeza lilikuwa limeshaanguka au bado halijaamua, na watu wasio na vichwa, na vichwa visivyo na watu, na kidole gumba chake mwenyewe kikubwa kama kilima, lakini mwezi wa pili aliona mwanga, na mtu akishauona mwanga huwezi kumrudisha kwenye kucheka, masjala kule wana dirisha moja tu, dogo, la juu, na kila siku saa tisa jua linaingia pale na kutembea juu ya rafu za mafaili kuanzia yale ya kijani mpaka ya waridi, miaka ishirini na mbili amekaa chini ya jua lile anapiga mihuri na hakuwahi kuliona, hakuwahi! Akapiga migongo ya mafaili bila majina, akapiga kiti cha mhudumu na koti lake limeangikwa juu yake, mkuu wake akamuuliza kama anatafuta kufukuzwa kazi, akajibu hapana, natafuta saa tisa, ikawa kichekesho cha wiki nzima, sawa, kiwe.

"Bado tu hicho kiatu?" kaka anauliza kwa sauti ya gwaride, na kutoka ndani mke wake anajibu kitu kuhusu kabati, kuhusu panya, hakisikiki vizuri, na dada mdogo analalamika jua linamla uso, na Baba, kitini, mkono wake wa kushoto umelala pajani pale ulipolazwa tangu asubuhi, anasogeza mdomo, maneno yake siku hizi yanatoka upande mmoja, yanachelewa, inabidi uyangoje, "Wote... wapo?" na kaka anainama sikioni pake, "Wote, Baba." Wote, Baba. Hivyo hivyo, bila hata kupepesa jicho. Na Baba ndiye aliyeitaka hii picha, si mwingine, wiki mbili zilizopita, fundi akiwa anamfuta mgongo kwa kitambaa na Mama Picha ameshika beseni, alisema anataka picha moja, yeye na watoto wake wote, akarudia, wote, na alipokuwa akirudia alikuwa anamtazama nani? Alikuwa anatazama beseni, labda, sijui, si vizuri kumsemea mzee... lakini neno wote halihitaji kamusi.

Maana fundi ni mtoto wa Baba kama wao watatu, ila kwa mama mwingine, jambo ambalo kila mtu aliyesimama hapa uani analijua na hakuna aliyewahi kulisema kwa sentensi nzima. Aliletwa ana miaka tisa na mfuko mmoja wa nguo, yeye Mama Picha alikuwa na kumi na saba, anakumbuka mama yao, Mungu amrehemu, akimpakulia chakula sahani ileile ya wageni na kuwaambia, "Huyu ni mgeni, msimchokoze," na mgeni hakuondoka, ikapita wiki, ukapita mwaka, mpaka siku ile bomba la jikoni lilipopasuka na mtoto akalifunga kwa kipande cha mpira na waya, mama akapiga makofi, "Kumbe tuna fundi humu ndani!" na nyumba nzima ikashusha pumzi, nyumba nzima, kwa sababu hatimaye lilikuwa limepatikana la kumwita. Fundi! Neno zuri, neno la heshima, nani atakulaumu kwa kumwita mtu fundi? Kweli akaja kuwa fundi bomba, lakini hata angekuwa daktari wangemwita fundi, maana neno lile limewafichia mengine yote, watoto wa kaka wangepaswa kumwita baba mdogo, wanamwita fundi, watoto wake yeye mwenyewe walipaswa kumwita mjomba, wanamwita fundi, na dada mdogo anamwita fundi, na yeye, msomi wa mwanga, anamwita fundi, miaka thelathini sasa... na fundi huyu ndiye anayekuja kila siku alfajiri kabla ya kazi zake kumwinua Baba, kumpeleka msalani, kumwosha, kumnyoa, kwa kuwa kaka ana shule, dada mdogo moyo wake hauwezi kuona, na Mama Picha ana masjala na mwisho wa juma ana kamera, eti.

Na leo kavaa shati jipya. Anaisogeza lenzi, anamvuta karibu, hakuna ajuaye anamtazama nani, hiyo ndiyo raha ya kamera, shati jeupe lenye mikunjo ya kwenye pakiti, mistari ya msalaba kifuani, amelifungua leo leo, amelitunzia picha hii, kafunga vifungo mpaka kooni, na mikono ameishusha ubavuni, imenyooka, kwa sababu kaka alimwambia, "Wewe fundi, mikono chini, usimshike mtu," kwa sauti ya kawaida kabisa, na watu wakamsikia na wakajitia wanatazama juu kama mvua itanyesha. Usimshike mtu! Hapo anaelewa sasa, hapo ndipo ile nafasi ya toroli inapomwelea, mjinga mimi, nimechelewaje kuiona, ni kwa ajili ya ule mkono... ule mkono ni kosa lake yeye, wala asimsingizie mtu.

Ilikuwa siku Baba alipotoka hospitali, miezi minne iliyopita, kiharusi kimemwachia nusu, fundi amemkamata begani kumpandisha ngazi ya mlango, na mwanga umewaangukia wote wawili ubavuni, yeye akapiga, ikatoka picha ambayo mpaka leo hajapiga inayoifikia, na saa moja baadaye ujumbe wa kaka, "Picha nzuri. Ikate hapo kwa fundi tuipeleke kwa ndugu." Akaikata. Hakuuliza, hakubisha, alikaa kwenye kompyuta ya masjala wakati wa chakula na kuikata, akajiambia ni picha tu, faili linabaki, na kwa haraka zake hakutazama kingo, akaipeleka kwa ndugu wote, na jioni ile ile shangazi akapiga simu kutoka kwake huko akipiga kelele, "Huo mkono begani kwa kaka yangu ni wa nani?" vidole vinne, vimebaki, vimemshika Baba begani bila mwenyewe, na ukoo ukacheka mpaka ukachoka, mkono wa malaika, mkono wa daktari, kila mtu na lake, na yeye alikutana na fundi kesho yake jikoni hapa, amelala chali chini ya sinki, simu yake iko juu ya meza na picha ile imefunguliwa, akasema bila kutoka huko chini, "Vidole vyangu vimetoka vizuri," akaendelea kukaza nati. Aliona aibu siku ile, aibu ya kutaka ardhi ipasuke, na alifanya nini na aibu yake? Alikwenda kununua betri ya pili.

Na jambo la kuchekesha, kama kuna la kuchekesha, ni kwamba alikuwa ameshafundishwa. Kila Jumamosi mwaka mzima, kwenye kantini ya hospitali, wao sita tu, seremala anayepiga milango, muuguzi mwingine anayepiga vivuli, na wengine, na mwalimu wao Mama Eksirei, mstaafu, miaka thelathini na tano kwenye chumba cha eksirei na hajui kupiga picha ya ua lipendeze, anatafuna karanga huku anakusuta, maganda yanarukia picha zako, "Anza na kingo! Katikati kila mtu anaona, hata mwanafunzi wa wiki moja anaona, ugonjwa unapenda kukaa pembeni ya filamu," na siku moja seremala alipoleta picha ya harusi aliyokata mtu mmoja ili ipendeze, mama yule aliweka karanga chini, ndipo wakajua amekasirika, "Ukinikatia ubavu mmoja, ulichonipa si kifua." Seremala akasema lakini mama, hii ni harusi, si kifua. "Kwani harusi haina mbavu?" ...wakacheka, na yeye Mama Picha alicheka kuliko wote, akiwa na picha ile ya vidole vinne kwenye mkoba.

Basi sikati. Hilo amekata kauli, ataipiga hivi hivi kama walivyopangwa, na kaka akileta ujumbe wake atajibu maneno mawili, sikati ng'o, aandike barua, aitishe kikao cha ukoo, amwite mtovu wa adabu, mwaka mzima ameitwa mengi na hajapungua hata kilo... hivyo, ameshinda, kifua kimejaa hewa, anajiona jasiri wa kupigiwa vigelegele, na jicho lake, jicho hili baya lililofundishwa na mla karanga, linakwenda lenyewe kwenye ukingo wa kulia, linaona shati jeupe, linaona nafasi, ukuta mtupu, kisha bega la dada mdogo, na linamwambia kwa utulivu kabisa kwamba hajashinda chochote. Kukataa kukata kutasaidia nini wakati kaka anao vidole, ana simu, na studio yoyote ya kukuzia picha itaikata kwa dakika moja bila kuuliza, tena safari hii safi, hakuna mkono, hakuna kidole, ukuta mtupu umeshaandaliwa, kaka ameshaikata! Ameikata kwa miguu, sogea, sogea tena, hapo hapo, mbele ya macho yao, na kila aliyebaki amesimama kwenye mstari wake amemsaidia kushika mkasi, yeye akiwa wa kwanza, yeye mwenye kidole kwenye kitufe. Masjala anawaona kila siku, mgonjwa amesimama kaunta, jasho linamtoka, anasema mimi nipo hapa, na makarani wanamwambia hupo, faili lako halipo, na mtu anajishikashika mikono kuhakikisha. Kuona! Mwaka mzima amejivunia kuona, picha elfu sita na ushee, ameona saa tisa, ameona tone, mwezi wa saba alilipata hata lile tone, linang'aa, ameliweka kwenye fremu, na kumbe kuona ni rahisi, unafumba jicho moja unaona, na hakuna anayekuuliza wewe uko wapi.

Na kweli, yuko wapi? Anawahesabu, watoto wa Baba, kaka mmoja, dada mdogo wa pili, fundi wa tatu... watatu. Baba alisema wote, kaka akajibu wote, na hakuna hata mmoja, mume wake akiwemo, aliyeona kwamba Mama Picha hayumo, hayumo kwenye hii wala kwenye picha nyingine yoyote ya mwaka huu, labda kivuli chake kwenye nyasi, na ubaya wenyewe ni kwamba amependa, nyuma ya kamera hupangwi, huulizwi, huambiwi mikono chini, ni mahali pazuri sana pa kukaa kimya. Amechoka na mahali hapo. Amechoka ghafla, kama mtu anavyochoka na kiatu kinachombana alichokivaa tangu asubuhi, na kamera hii ina saa ndani yake, inajua kuhesabu sekunde kumi na kujibonyeza yenyewe, Mama Eksirei aliwaonyesha mwezi wa nne na yeye hajawahi kuitumia hata mara moja, na pale kwenye mstari nafasi ya pembeni ina mtu ambaye pale si mahali pake na nafasi ya begani kwa Baba, pale mkono ule ulipokuwa, haina mtu.

Akaondoa jicho kwenye kitundu. Ua likarudi kuwa kubwa, na nyuso zote zikamgeukia zikidhani kiatu kimepatikana, lakini kiatu hakijapatikana, mke wa kaka anasikika ndani akivuta kitanda, na Mama Picha akapiga moyo konde, akafungua mdomo, na neno lililotoka hakuwa amelipanga.

"Mdogo wangu!"

"Abee, dada," akaitika dada mdogo.

"Si wewe, mama. Wewe tulia hapo hapo."

Kaka akakunja uso. "Unafanya nini sasa, Mama Picha?"

"Napanga picha, kaka. Uliyoipanga ina tundu." Akaonyesha kwa mkono kule pembeni. "Pale karibu na tangi nasimama mimi, kamera itahesabu yenyewe. Mwenye hamu ya kukata, anikate mimi, aje amweleze Baba na shangazi nilikwenda wapi."

"Haya mambo si ya hadharani..."

"Ndiyo maana nayasema hapa. Mdogo wangu, njoo huku katikati, uje umshike Baba begani. Nakuita wewe."

Kitini, Baba alikuwa anasogeza mdomo, neno liko njiani, wote wakawa wanalingoja, na kaka amebaki na kidole hewani kama aliyesahau jina la mwanafunzi, na Mama Picha hakushusha macho, akamtazama moja kwa moja mtu wa shati jeupe, kwa macho yote mawili, bila kioo chochote katikati yao, na mtu yule, mikono bado iko ubavuni kama alivyoamriwa, akageuka kutazama nyuma yake, aone ni nani anayeitwa, na nyuma yake kulikuwa na tangi la maji tu.